Sura ya Sita: Kibarua Hana Kitongoji

Mvua ikinyesha usiku Urambo, Tabora, asubuhi majani ya tumbaku huwa yamebeba maji. Wachumaji huingia shambani mapema kabla jua halijawa kali. Wanaanza na majani ya chini, wanayabana kwapani mpaka fungu lijae, ndipo wanalipeleka kwenye bani kukaushwa. Haichukui muda shati linakuwa limelowa kuanzia begani hadi kiunoni. Maji hayo yamechanganyika na nikotini ya jani lenyewe, na ngozi iliyolowa inaipitisha hadi kwenye damu. Kufikia saa sita mchana, kijana aliyeamka mzima anaweza kuwa amechuchumaa kwenye tuta anatapika, kichwa kinamgonga na miguu imelegea.

Ugonjwa huu unajulikana. Madaktari wa jimbo la Florida, Marekani, waliueleza mwaka 1970, na tangu hapo umeandikwa katika nchi nyingi zinazolima tumbaku. Lakini mtajie mkazi yeyote wa Tabora dalili hizo, kichefuchefu, kutapika, kizunguzungu, kuumwa kichwa na mwili kukosa nguvu, atakwambia ni malaria. Hawezi kulaumiwa, kwa maana malaria Tabora ni nyingi kweli. Basi kijana ananunua dawa ya malaria, anajilaza, na kwa kuwa nikotini huondoka mwilini yenyewe baada ya siku moja au mbili, anaamka ana nafuu. Hapo amejifunza kwamba ilikuwa malaria na kwamba dawa imefanya kazi. Mwili wake mwenyewe umemthibitishia jambo lisilo la kweli, na wiki inayofuata atarudi kwenye majani mabichi na shati lile lile.

Kinga yake haina ugumu wa kitaalamu. Subiri majani yakauke. Ukilazimika kuingia yakiwa mabichi, vaa koti la mvua au jifunike nailoni kifuani na mikononi. Shati likilowa, livue. Ukitoka shambani, oga kwa sabuni. Mambo manne tu, na mtu asiyejua kusoma hata herufi moja anaweza kuyashika kwa dakika tano. Tatizo liko kwenye lile la kwanza. Kusubiri majani yakauke ni kupoteza saa za asubuhi, na saa hizo si za kibarua kuzitoa. Ni za mwenye shamba.

Ninapozungumzia uelewa wa afya, nina maana ya mtu kuipata taarifa, kuielewa, kuipima, na kuwa na nafasi ya kuitumia. Kuhusu vibarua wa mashambani wanaohama kufuata msimu, vitabu na semina zetu vimeshughulikia mno sehemu mbili za mwanzo na kuzisahau mbili za mwisho. Ndiyo maana mabango yameongezeka na wagonjwa wako pale pale.

Vibarua hawa si wageni katika historia ya nchi. Mashamba ya mkonge ya Tanga yalijengwa na manamba waliotoka Kigoma, Songea, Njombe, Msumbiji, Rwanda na Burundi. Mwaka 1944 wenye mashamba walianzisha ofisi yao ya kuandikisha wafanyakazi, SILABU, iliyowakusanya watu mikoa ya mbali na kuwasafirisha hadi mashambani. Mwandikishwaji alipimwa afya kabla ya kupelekwa, ili ijulikane kama mwili wake utaihimili kazi. Ni vipimo vilivyofanywa kwa faida ya anayemchukua. Leo hakuna SILABU, ila safari zinaendelea: kutoka Kigoma na ng'ambo ya mpaka wa Burundi kwenda kwenye tumbaku ya Tabora, kutoka nyanda za juu kusini kwenda kwenye miwa ya bonde la Kilombero, na vijana wa huku na kule kwenda kwenye chai ya Mufindi. Wanakwenda kwa basi, kwa lori, mara nyingi kwa kuitwa na ndugu aliyetangulia. Wanakaa kambini miezi kadhaa, kisha wanatawanyika.

Kuna kampeni moja ya elimu ya afya ambayo kila anayejihusisha na jambo hili anapaswa kuijua, nayo ni Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima iliiandaa pamoja na Wizara ya Afya na redio ya taifa. Kwa majuma 12, karibu watu wazima milioni 2 walikutana katika vikundi, wakasikiliza kipindi redioni, wakasomewa kijitabu, kisha wakajadili. Viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walikuwa wamefundishwa kabla. Mada zilikuwa malaria, safura, kuhara damu, kichocho na kifua kikuu, magonjwa ambayo kila aliyekaa kikundini alikuwa ameyaona nyumbani kwake. Nguvu ya kampeni ile ilikuwa kwenye kilichofuata mjadala. Kikundi hakikuondoka na ujumbe kichwani tu. Kiliamua jambo la kufanya, na juma lile lile watu wakashika majembe wakachimba vyoo, wakafyeka vichaka, wakafukia madimbwi. Vyoo vilichimbwa kwa maelfu kwa maelfu. Kwa watu wazima ambao wengi wao hawakujua kusoma, hayo yalikuwa mafanikio makubwa, na naamini hatujayafikia tena kwa mtindo ule.

Hata hivyo, tazama kampeni ile ilimhitaji mtu wa namna gani. Ilimhitaji mtu mwenye kijiji, anayeweza kukutana na majirani wale wale juma baada ya juma, na mwenye uwanja wake wa kuchimba choo. Mkulima mwenye shamba lake alitosha kabisa. Kibarua wa msimu hakumo. Hachimbi choo kwenye kambi ya mtu, na juma la 12 likifika huenda yuko wilaya nyingine.

Urithi huo tunao bado. Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa kuandaa wahudumu wa afya ngazi ya jamii zaidi ya 137,000 katika miaka 5, kwa hesabu ya wawili kila kitongoji au mtaa, nao wanachaguliwa na jamii yenyewe. Ni mpango mzuri na nautakia heri. Lakini kibarua hana kitongoji. Kambi iliyoko katikati ya miwa haina mwenyekiti wa kitongoji wala mkutano wa kumchagua mhudumu, na jina la mkaaji wake halimo kwenye daftari la kaya za pale. Mhudumu anayepita nyumba kwa nyumba saa nne asubuhi ataikuta kambi haina mtu, maana waliondoka alfajiri na watarudi jioni wamechoka. Asipoambiwa kwamba kambi ni sehemu ya kazi yake, hatafika, na hakuna atakayemuuliza.

Sasa tumfuate huyu kibarua mpaka zahanati, maana hapo ndipo maneno ya kitaalamu yanapokutana na maisha yake uso kwa uso. Tuseme safari hii ni malaria kweli, kipimo kimeonyesha. Tangu mwishoni mwa mwaka 2006 dawa ya kwanza ya malaria isiyo kali nchini ni dawa mseto, ALu. Mtu mzima anapewa vidonge 24: vinne sasa hivi, vinne baada ya saa nane, halafu vinne asubuhi na vinne jioni kwa siku mbili zinazofuata, na inafaa avimeze pamoja na chakula chenye mafuta kidogo ili dawa iingie vizuri mwilini. Nesi anayaandika hayo kwa kifupi juu ya karatasi, anamkabidhi, anamwita anayefuata. Foleni ni ndefu.

Kijana anarudi kambini. Siku ya pili homa imekata. Amebakiwa na vidonge 12, na mwenzake wa kitanda cha pili ameanza kutetemeka. Zahanati iko mbali na kwenda huko ni kupoteza ujira wa siku. Anamgawia sita. Ukimhukumu kwa uzembe utakuwa humjui, maana kwa macho yake ametenda wema, na kambi nzima itamsifu. Alichokosa ni mtu wa kumwambia kwamba nafuu ya siku ya pili haina maana vimelea vimekwisha, na kwamba nusu dozi haimponyi yeyote kati yao wawili.

Kuna muuguzi mmoja mstaafu aliyenifundisha namna ya kufanya, nami nimeiona ikifanya kazi. Akishampa mgonjwa dawa hamuulizi, "Umeelewa?" Swali hilo kila mtu huitikia ndiyo, kwa heshima au kwa aibu. Yeye huuliza hivi:

"Haya mwanangu, ukifika kambini utazimezaje hizi?"

"Nne sasa hivi, mama. Nyingine nne... jioni?"

"Jioni saa ngapi? Saa hizi ni saa saba mchana."

"Kabla ya kulala."

"Vizuri, saa tatu usiku, ukishakula. Na keshokutwa ukiamka mzima, homa hakuna?"

"Naziacha."

"Ndipo hapo. Hapo ndipo wanaporudi kwangu wamebebwa. Unazimeza mpaka karatasi ibaki tupu. Na mwenzako akiugua?"

"Namleta."

Mazungumzo hayo hayafiki dakika mbili. Yamefichua kosa kabla halijatokea, na yamemtayarisha kijana kwa jaribu ambalo kwa hakika litamkuta, lile la mwenzake wa kitanda cha pili. Na tazama mama yule hakumpa saa za kwenye karatasi peke yake. Alizifungamanisha na chakula na usingizi, vitu ambavyo kibarua anavyo hata kama hana saa mkononi.

Upande wa sumu za mashambani hali ni ngumu zaidi, kwa sababu hapo mara nyingi hakuna hata nesi wa kuuliza swali. Mafunzo yote yamewekwa kwenye lebo. Chupa ya kiuatilifu hubeba ukanda wa rangi chini yake: nyekundu kwa sumu kali kabisa, halafu njano, halafu bluu, na kijani kwa yenye hatari ndogo. Juu ya ukanda kuna michoro midogo ya glavu, buti, barakoa na mtu anayenawa. Walioibuni walikuwa na nia njema ya kumsaidia asiyejua kusoma. Ila mchoro nao unasomwa, na kusoma mchoro kunafundishwa. Mwaka 2008 Andrea Rother wa Chuo Kikuu cha Cape Town alichapisha utafiti wa wafanyakazi wa mashamba ya Afrika Kusini walioonyeshwa michoro hiyo hiyo ya lebo na kuulizwa inamaanisha nini. Wengi walitoa maana zisizokusudiwa, na baadhi zilikuwa za kuhatarisha. Kwetu, mtu asiyeelezwa kitu anaweza kuutazama ukanda wa kijani akaona ni dawa ya mimea ya kijani, au akaona ni salama hata kwa mikono mitupu.

Na hiyo ni pale lebo ilipo. Kibarua wa kupiga dawa mara nyingi haioni kabisa. Bosi ananunua lita nzima mjini, anaimimina kidogo kwenye chupa ya maji ya kunywa, anamkabidhi pamoja na bomba la mgongoni na maelekezo ya mdomo: vifuniko viwili kwa bomba moja. Vifuniko vya chupa ipi? Kibarua atatumia kilichopo. Jioni chupa ile inarudi kambini na kuwekwa chini ya kitanda, mahali ambapo mtoto wa mpishi anacheza.

Sumu nyingi za jamii ya organofosfati hupita kwenye ngozi. Bomba linalovuja mgongoni linamlowesha mpigaji kwa saa nzima kabla hajahisi chochote. Kisha yanakuja mate mengi, machozi, jasho, kuharisha, misuli kucheza yenyewe, mboni za macho kuwa ndogo kama tundu la sindano. Kuna dawa yake hospitalini, atropini, ila lazima mhudumu ajue anachokitazama, na hilo linategemea mgonjwa kusema, "Leo nilikuwa napiga dawa." Asiposema atatibiwa tumbo. Aiwerasia Ngowi, mtafiti wa Tanzania aliyetumia miaka mingi kuchunguza viuatilifu na afya ya wakulima, aliwatazama wapigaji na pia wahudumu wa afya wanaowapokea, kwa sababu kujua kwa upande mmoja hakutoshi. Nami naongeza: kama ningepewa sentensi moja tu ya kumfundisha kila mpigaji dawa nchini, ingekuwa hii. Mwambie daktari kazi uliyofanya leo, na ukiweza nenda na chupa yenyewe.

Badala yake, kinachofundishwa kambini ni maziwa. Ukimaliza kupiga dawa kunywa maziwa, yanasafisha sumu. Imani hii imeenea mno, na wapo waajiri wanaogawa pakiti za maziwa kwa moyo mweupe kabisa. Maziwa hayaiondoi sumu iliyopita kwenye ngozi. Yanamfanya mtu aamini ameshajikinga, hivyo hakimbilii maji na sabuni wala halivui lile shati. Kuifuta imani hiyo kunahitaji adabu. Usimcheke aliyekunywa. Mpe maziwa yake kama chakula, kwa maana kibarua anahitaji chakula, lakini ndoo ya maji na kipande cha sabuni vitangulie.

Nije kwenye miwa, ambako nadhani somo kubwa zaidi lipo, ingawa limetoka mbali. Mwaka 2002 madaktari wa El Salvador walichapisha taarifa ya wagonjwa wa figo waliowashangaza. Wengi hawakuwa na kisukari wala shinikizo la damu. Walikuwa wanaume waliofanya kazi mashambani. Ugonjwa kama huo uliua vijana wengi Chichigalpa, mji wa miwa wa Nicaragua. Uchunguzi wa miaka iliyofuata umewafanya wataalamu wengi waone kwamba kazi nzito kwenye joto kali bila mapumziko ya kutosha ni sababu kubwa. Mwanzoni jibu lilikuwa lile tunalolijua: wafundisheni wanywe maji. Wakafundishwa. Lakini mkata miwa analipwa kwa alichokata, na kila anapoacha panga kwenda kunywa anapunguza mshahara wake kwa mkono wake mwenyewe. Mabadiliko yalionekana pale baadhi ya mashamba yalipopanga upya kazi yenyewe: maji yakasogezwa karibu, mahema ya kivuli yakawekwa, na mapumziko yakawa ya lazima kwa wote kwa saa maalumu, ili anayepumzika asiwe ndiye mvivu. Watafiti walipopima figo, madhara yalipungua pale mapumziko yalipoongezwa kweli.

Ukikaa na wakata miwa wetu utasikia mambo yanayofanana na yale. Mkojo mweusi na unaouma baada ya siku ya jua kali, wao wanauita UTI, na wanapitia duka la dawa kununua antibayotiki. Kiuno kinauma, wanameza diklofenaki ili kesho wakamalize ngwe. Wengi hawajawahi kuambiwa kwamba mkojo wa rangi ya chai ya rangi ni mwili unaolilia maji, wala kwamba dawa za maumivu za aina hiyo, kwa mtu aliyekaukiwa maji, zinaziumiza figo zile zile. Hilo la mkojo ni kipimo cha bure ambacho kila mtu anacho kila siku, nami naona halijapewa nafasi inayostahili. Lifundishwe kwa kuonyesha, kwa glasi tatu za maji yaliyotiwa rangi ya chai kwa viwango tofauti, juu ya meza ya mama lishe.

Naam, mama lishe. Tukiacha kumtafuta kibarua kwenye kitongoji asichokuwa nacho na kuuliza anakutana na nani kila siku, jibu ni fupi: mnyapara, mama lishe, dereva wa trekta, muuzaji wa duka la dawa muhimu, na yule ndugu aliyemwita. Maduka ya dawa muhimu yalianzia Ruvuma mwaka 2003, na wauzaji wake hupewa mafunzo. Hao wanaweza kuuliza, "Leo ulikuwa unafanya kazi gani?" kabla ya kutoa kidonge. Mnyapara ndiye anayesema maneno ya kwanza ya siku wakati wa kuita majina, na neno lake lina uzito ambao daktari wa wilaya hana. Nchini Marekani, ambako sheria ya mwaka 1962 ilifungua zahanati kwa vibarua wanaohama, kazi kubwa imefanywa na wanawake waliotoka miongoni mwa vibarua wenyewe, wanaoitwa promotora, wanaozungumza lugha ya kambini na wanaojua kwa nini mtu hafiki kliniki. Kwetu mtu wa namna hiyo atapatikana kambini, na Tabora itafaa ajue Kiha au Kirundi, maana Kiswahili cha semina kinawapita baadhi yao.

Kuna taarifa nyingine ambayo sijawahi kuiona kwenye bango lolote la kambini, nayo ni ya haki. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ulianza mwaka 2015 kwa sheria ya mwaka 2008. Mchango wake unatolewa na mwajiri, mfanyakazi hakatwi senti. Kibarua aliyekatwa na panga mguuni na kuambiwa "rudi kwenu ukapone" anapaswa kujua kwamba ajali yake ilistahili kuripotiwa, na kwamba jina kamili la mwajiri wake ni jambo la kulishika kichwani tangu siku ya kwanza. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani namba 184 wa mwaka 2001, unaohusu usalama na afya katika kilimo, unataka mwajiri atoe mafunzo yanayoeleweka, yakizingatia elimu ya wafanyakazi na tofauti za lugha zao. Maandishi yako wazi kwamba jukumu la kueleweka ni la anayesema.

Inabaki fedha. Mafunzo ya kambini hupangwa Jumapili au jioni, yaani kwenye muda wa kibarua wa kufua na kulala, kisha tunalalamika hawaji. Yapangwe alfajiri, trekta likiwa limesimama, mada moja kwa asubuhi moja na inayohusu kazi ya siku hiyo: majani mabichi siku ya kuchuma, bomba siku ya kupiga dawa, mkojo na kivuli siku ya kukata. Mnyapara aseme, vibarua wawili warudie kwa maneno yao mbele ya wenzao, na nusu saa hiyo iandikwe kwenye daftari la ujira na kulipwa kama sehemu ya ngwe.